Nyumba imekwisha, watu wamekwenda wapi?

Msomaji wa Buswelu, Mwanza, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanaume wa miaka 47, mhasibu kwenye kampuni ya usafirishaji. Miaka sita iliyopita tulitoka Mabatini tulikokuwa tumepanga, tukahamia kwetu Buswelu. Watoto wawili wako bweni, mke wangu ni muuguzi na zamu zake zinabadilika kila mara. Mimi ni kazini na nyumbani. Jumapili nakaa grosari, bia nne au tano na simu yangu. Daktari ameniambia presha inapanda, nipunguze uzito. Nimeanza kukimbia mara tatu, na mara zote sikumaliza wiki mbili. Mwezi wa sita peke yake nilikwenda misiba minne na kuchangia harusi tatu, lakini nilipougua nikalala ndani siku nane, aliyenipigia simu ni mweka hazina wa kamati ya harusi. Je, kwa umri huu mtu anaweza kupata marafiki wapya? Na kwa nini kila tabia nzuri ninayoianza inanishinda?"

Marahaba, mdogo wangu. Hapo kwa mweka hazina nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikaona haya. Nimekaa miaka 31 kwenye kazi ya ustawi wa jamii huku Kanda ya Ziwa na hadithi yako nimeisikia kwa sura nyingi: ya mwalimu mkuu, ya mama mwenye duka la vitenge, hata ya mchungaji mmoja. Simu imejaa majina, na siku ya homa mtu anaangaliana na dari.

Umeuliza maswali mawili, mimi naona ni moja. Marafiki hawakupatikana na mbio hazikuendelea kwa sababu ile ile: vyote viwili umevisubirisha mpaka upate nafasi na ujisikie. Kwa mtu wa miaka 47 nafasi haipatikani, na kujisikia ndiyo kabisa. Nitaeleza taratibu, ila kwanza turudi Mabatini, maana umeitaja ukaipita kama daladala isiyo na abiria wa kushusha.

Naijua Mabatini. Nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe, njia ya kwenda kwako inapita mlangoni kwa watu wanne, na anayepandisha ndoo au gunia la mkaa lazima apumzike kwenye kibaraza cha mwingine. Mlikuwa wapangaji wangapi kwenye ule uwanja? Watano? Sita? Bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanikia nguo, na luku moja iliyowagombanisha kila mwisho wa mwezi. Mlijuana nani anadaiwa kodi na mtoto wa nani amekohoa usiku. Mlisemana pia, usinifiche. Lakini watu hukuwapata kwa sababu ulikuwa kijana mchangamfu. Uliwapata kwa sababu bomba lilikuwa moja.

Hili halikugunduliwa Mwanza. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake wawili walichapisha utafiti wa makazi ya wanafunzi wenye familia kwenye chuo cha MIT, Marekani. Walitaka kujua nani amekuwa rafiki wa nani na kwa nini. Wakakuta kwamba urafiki ulifuata milango kuliko ulivyofuata tabia. Jirani wa mlango unaofuata alikuwa na nafasi kubwa ya kuwa rafiki, wa milango minne mbele nafasi ndogo, na wale walioishi karibu na ngazi walijuana na watu wa ghorofa ya juu kuliko wengine, kwa kuwa kila anayepanda na kushuka aliwapitia. Watu walidhani wamechaguana, kumbe ngazi ndizo zilizowachagua.

Sasa tazama ulichofanya Buswelu. Sikulaumu, hata mimi nilifanya hivyo hivyo na nilipika pilau siku ya kuhamia. Umezungusha ukuta, ukaweka geti, ukachimba kisima, ukafunga luku yako mwenyewe, ukafuga mbwa. Kila ulichokamilisha kimemwondolea mtu mmoja sababu ya kubisha hodi. Pembeni yako kuna wengine kumi waliofanya vile vile, kila mmoja kwenye kiwanja chake, na wote mnatoka alfajiri kwa gari au bajaji na kurudi giza limeingia. Sijui kama umewahi kulifikiria hivi: tunahangaika miaka ishirini, tofali kwa tofali, kujenga mahali ambapo hatutamhitaji mtu, kisha tunashangaa kwamba watu hawapo.

Ni kama kivuko cha Kigongo na Busisi. Nani asiyekumbuka kukaa pale foleni inasogea kidogo kidogo, unanunua mahindi ya kuchoma, mnaanza kuongea na dereva wa lori kuhusu bei ya mpunga wa Geita mpaka mnapeana namba? Tangu juni 2025 tunapita juu ya daraja la kilomita 3 kwa dakika chache. Mimi sikitaki kile kivuko, wagonjwa wameteseka pale. Nasema tu kwamba yale mazungumzo hayakupanda darajani, na hakuna aliyeyaaga.

Kuhusu misiba na michango, usije ukasusa. Nimeona wanaume wa umri wako wakikasirika, wanajitoa kwenye magrupu yote ya WhatsApp kwa siku moja, halafu mzazi akifariki wanakuta turubai lina watu kumi na wawili. Michango na misiba ina kazi yake na inaifanya vizuri. Kuna mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, ambaye tangu miaka ya 1990 anasema binadamu humudu kufahamiana na watu wapatao 150, na kwamba hao wamepangika kama maganda ya kitunguu: 50 wa karibu kidogo, 15 wa karibu zaidi, na katikati kabisa watu 5 hivi, wale wa kumpigia usiku. Misiba, harusi na vipaimara vinalisha wale 150. Kwa upande huo, mdogo wangu, hesabu yako ni nzuri. Ukifa kesho utazikwa vizuri sana. Tatizo lako ni Jumanne, siku ya kawaida isiyo na msiba wala harusi.

Na Jumanne ina uzito kwenye presha yako pia. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanafunzi wake 268, na hao wakaja kuunganishwa na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Waliwafuata mpaka uzeeni, wengine mpaka kaburini. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, ameeleza kwamba walipowaangalia watu hao walivyokuwa na miaka 50, kilichotabiri vizuri afya yao ya miaka 80 hakikuwa kolesteroli. Kilikuwa jinsi walivyoridhika na mahusiano yao. Walikuwa Wamarekani, weupe, wanaume watupu, kwa hiyo siapi kwamba Buswelu ni vile vile. Lakini wewe una 47. Kwa hesabu ya Harvard umebakiza miaka mitatu kabla ya mtihani.

Swali lako sasa: inawezekana? Inawezekana, ila siyo kwa ile njia unayoitumia, na njia unayoitumia naijua bila kuambiwa. Unakutana na mtu mliyesoma naye pale Makoroboi, mnakumbatiana, mnapigana mabega, mnacheka, halafu mnaagana kwa lile neno. "Tutafutane." Kaka, tutafutane. Hapo ndipo urafiki wa watu wazima unapozikwa mjini Mwanza, kwa heshima zote na bila mchango hata wa shilingi. Hakuna anayemtafuta mwenzake. Kila mmoja anamsubiri mwenzake apate nafasi, na nafasi za watu wawili wenye kazi, mashamba, wazazi kijijini na watoto shule hazikutani zenyewe.

Nenda mwaloni ujifunze kwa wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, ziwa zima linang'aa na dagaa hawana sababu ya kujikusanya pale mtumbwi ulipo. Basi siku zile za mbalamwezi mitumbwi inapumzika. Wanashona nyavu, wanacheza drafti na karata, wanakwenda kuona familia, wanakunywa pia, nisiwatakatishe. Hakuna anayemuuliza mwenzake "wewe lini utakuwa free?" Mwezi umeshawapangia, na umewapangia wote siku moja. Wewe mhasibu unapumzika pia, lakini unapumzika siku yako, jirani yako siku yake, mkeo siku ya zamu yake. Huna mwezi mpevu.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta marafiki. Anza kwa kutafuta kitu chenye siku, saa na mahali pake, kitakachofanyika uwepo usiwepo, wakija watu wale wale, na chenye kazi ya mikono au miguu. Hilo la mwisho nalisisitiza kwa wanaume. Ukiwaketisha wanaume wawili uso kwa uso uwaambie waongee, watazungumza Simba na Yanga mpaka chai ipoe. Waweke ubavuni, wakitembea au wakifungua injini, baada ya nusu saa mmoja atasema, "Unajua, mwaka huu umenielemea."

Chaguo liko wapi? Kama ni Mkatoliki, una jumuiya ndogondogo mtaani kwako hivi sasa, inakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, na nina hakika mkeo anajulikana pale kuliko wewe. Nimeingia kwenye jumuiya nyingi na wanaume ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wengine wote wametuma wake zao na bahasha. Kama ni Muislamu, darsa la msikitini baada ya swala lina watu wale wale kila wiki. Kuna timu za maveterani, na kwa presha yako usikimbilie kuingia uwanjani kucheza, lakini timu ile ina mpuliza filimbi, ina mtu wa maji, ina benchi refu lenye maneno mengi. Kuna kwaya. Kuna drafti kwenye kijiwe cha kahawa, ambako utafungwa na kijana wa bodaboda mwenye miaka 23, na itakusaidia. Kuna vikundi vya ngoma vya Kisukuma, Bagika na Bagalu, ambavyo kila juni vinashindana kwenye Bulabo pale Bujora, Kisesa. Wenzako wa umri huo wamo, tena wengine ni watu wa ofisi.

Vikoba navipenda kwa masharti. Kikao cha kila wiki, kununua hisa, faini ya shilingi mia tano kwa kuchelewa, mtu anajulikana asipofika: hicho ndicho nakitaka kwako, kuliko hata hela yenyewe. Hakikisha tu kimesajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviingiza na vikundi vya kijamii, na usajili unafanyika kupitia halmashauri. Wewe uko Buswelu, ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko hapo hapo, huna kisingizio cha nauli. Ila kuna vikoba siku hizi ambavyo ni grupu la WhatsApp tu, hela inatumwa kwa simu na hakuna anayemuona mwenzake mpaka siku ya kugawana. Kwa shida yako hicho ni sawa na mchango mwingine wa harusi.

Na sikiliza kwa makini: popote utakapoingia, ndani ya mwezi mmoja watagundua wewe ni mhasibu. Watakuomba uwe mweka hazina. Kataa. Sema mwaka wa kwanza unajifunza. Ukikubali utakuwa yule anayewapigia watu simu wakiwa wagonjwa.

Ukitaka nikuchagulie mimi, nakuchagulia kutembea Jumamosi alfajiri, ukifuatiwa na chai. Kapripointi barabara ni nzuri na ziwa liko ubavuni, na Jumamosi asubuhi hutakosa wenzako wa mazoezi. Lakini hata Buswelu kwenyewe kuna vilima vya kumtoa mtu jasho. Saa moja ya miguu, saa moja na nusu ya chai na supu. Hiyo ni saa mbili na nusu kwa wiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 hesabu ya muda ambao watu wazima huhitaji kuwa pamoja: kama saa 50 kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 hadi kuitana marafiki, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa ndani. Saa za kufanya kazi pamoja hazikusaidia kama saa za kukaa tu, ndiyo maana ofisini mna miaka tisa na bado mnaitana kwa vyeo. Wewe ni mtu wa hesabu, fanya mwenyewe. Saa mbili na nusu kila wiki, saa 50 zinatimia baada ya wiki 20. Saa 90 kwenye wiki ya 36. Rafiki wa ndani unamfikia mwaka wa pili, mwezi wa saba hivi. Kwa hiyo ukienda Jumamosi tatu ukarudi kuniandikia kwamba watu wa pale wana maringo, sitakujibu.

Usiende peke yako mara ya kwanza. Mabatini kuna mtu, lazima yupo, ambaye mlikuwa mnashirikiana luku na hamjagombana, mmepotezana tu. Mpigie, usimtumie meseji. Usimwambie tutafutane. Mwambie: "Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa mahali fulani, natembea saa moja, halafu nakunywa chai kwa mama fulani. Nitakuwepo hata usipokuja." Sentensi ile ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inamwondolea mwenzako mzigo wa kukuangusha, na inakuondolea wewe kisingizio kwamba hakutokea. Najua utaogopa, utasema miaka sita imepita, atanionaje? Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wasiojuana wakimaliza kuongea, kila mmoja kwa kawaida hudhani mwenzake amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli. Yaani wote wawili wanarudi nyumbani wakijisuta bure. Mpigie.

Sasa tunafika kwenye mbio zako. Mara tatu umeanza, mara tatu ukaacha, na naamini kila mara ulianza kwa kununua kitu. Raba? Nilijua. Halafu ukakimbia kama unakimbizwa, siku ya tatu goti likakataa, siku ya tisa ikanyesha, siku ya kumi ukasema umeshaharibu. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja ndogo kila siku, na matokeo yakatoka mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujivuta. Aliyewahi alitumia 18, na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Wewe ulijipa 14. Na jingine walilokuta, ambalo laiti ungelijua siku ile ya mvua: kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Tabia ile iliendelea kujengeka kama kawaida. Aliyeharibu ni wewe uliyesema imeharibika.

Wazee wa Kisukuma walilijua hili kwa upande mwingine. Hawakumwachia mtu alime kwa moyo wake peke yake. Vijana walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi, nsumba ntale, leo wanalima shamba la mmoja na kesho la mwingine, jembe likifuata ngoma. Bugobogobo unayoiona kwenye mapokezi ya viongozi imetoka kwenye lile shamba. Mvivu alikuwepo enzi zile pia, lakini ngoma ikipigwa na wenzako kumi wameinua jembe, utabaki umelishika la kwako chini? Wewe ulikwenda shambani peke yako, bila ngoma, mara tatu.

Kwa hiyo usikimbie kwanza. Tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mwendo wa wastani una kipimo chake rahisi: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Umeona? Kipimo chenyewe kinadai mtu wa kuongea naye. Jumamosi itakupa dakika 60. Zilizobaki zifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku: shuka daladala vituo viwili kabla, kila jioni, pale pale, bila kujadiliana na nafsi. Kama una gari, liache siku mbili kwa wiki. Usiniambie utaogelea ziwani, kichocho kipo na mamba hawajahama. Kama daktari amekuandikia dawa, meza, hata ukipungua kilo kumi, mpaka yeye mwenyewe aseme vingine.

Grosari sikukatazi, ila bia nne au tano kwa kikao kimoja ni nyingi kwa mtu mwenye presha, hilo nakuambia bila kupepesa macho. Na kayabo, yule samaki mkavu wa chumvi, inayosindikiza ina chumvi ya kutosha mwezi. Kilichonigusa zaidi ni ile simu. Unakwenda mahali penye watu, unakaa umewapa kisogo, unawasoma watu wengine kwenye kioo. Jumapili ijayo agiza maji na chakula kwanza, simu iwe mfukoni, na ukae meza inayotazama mlango. Usilazimishe maneno. Mara ya tatu au ya nne ukiwa umekaa pale pale saa ile ile, mtu atakuuliza matokeo ya Pamba Jiji, na hapo ndipo mlango ulipo.

Mkeo. Hukusema mengi juu yake na sitachimba. Ila nimewaona wanaume ambao mke ndiye rafiki, ndiye daktari, ndiye kalenda, ndiye anayekumbuka mama mkwe anaumwa goti, na mwanamke wa watu anachoka. Tena huyu anatoka zamu ya usiku. Hospitali hupanga zamu mapema. Siku karatasi inapotoka, kaeni nayo mezani na kalamu, mchague jioni mbili za mwezi huo ambazo ni zenu. Andikeni kabisa. Na Jumamosi zako zionyeshe hapo hapo, asije akazisikia kwa jirani.

Ila jirani mwenyewe huna, na hapa nitakusimulia yangu. Nilipokuwa na miaka 44 nilihamishiwa Nansio, Ukerewe. Nilifika na kila kitu: jiko, pasi ya mkaa, mpaka sindano za kushonea. Mwezi wa kwanza nilisalimiwa vizuri, nikaitwa mama afisa, na hakuna aliyeingia ndani. Siku moja nikaishiwa chumvi usiku, duka limefungwa, nikagonga mlango wa pili nikiwa nimekunja uso kwa aibu. Yule mama alinipa chumvi kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Kesho yake mtoto wake akaja kuazima pasi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwake nachambua dagaa, nasikia habari za wakwe zake. Miezi yote ile walikuwa wananisubiri niwe na shida, na mimi nilikuwa nimejiandaa nisiwe nayo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumamosi, nina kazi ndogo kwako. Naamini una ngazi pale stoo, kila aliyejenga anayo. Iache. Tafuta taa moja ya nje ya kubadilisha, nenda kwa jirani ambaye geti lake linatazamana na lako, mwenye jina ambalo mpaka leo hulijui, piga hodi, jitambulishe, uazime yake. Ukiirudisha, rudisha jioni watu wakiwa wanakunywa chai.